Kengele ya Mzee Masolwa

Mimi ni Tekla binti Masolwa, na ulimi wangu haujui kungoja zamu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba, nikamgombeza hata mkunga. Basi mwaka ule mdogo wetu wa mwisho, Kasimiri, alipopata upadri, nyumba nzima ilikuwa ikicheka na kupiga vigelegele, na mimi nilikuwa nikicheka na kugombana kwa wakati mmoja. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya zawadi.

Hebu niwaeleze kwanza furaha ilivyokuwa. Kijiji chetu kipo kati ya Tabora mjini na Kipalapala, na miaka yote tulikuwa tukiwaona vijana wa seminari wakipita na kanzu zao, wametoka Karagwe, wametoka Ufipa, wametoka kote, tunawasalimia na kuwauzia karanga. Sasa mmoja wao alikuwa wetu. Kasimiri yule yule niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi kwa kaniki yangu, alikuwa akisoma Misa kwa Kilatini bila kukwama. Siku ya upadri wake nilitembea katikati ya njia, wenye baiskeli wakanikwepa wao.

Kila mtu alitaka kumpa kitu. Shangazi Bertila wa Igunga aliahidi mchele. Ndugu zetu wa Nzega walisema wataleta ndama, na wakamleta kweli, akala mboga zangu zote. Kaka yetu mkubwa, Alois, ambaye ni karani wa mahakama mjini, alinunua saa ya mezani inayolia kila saa. Ilikuwa saa nzuri, sitamnyima haki yake. Aliibeba kwa mikono miwili tangu dukani kwa Mwarabu mpaka nyumbani kwake, hakukubali mtu amsaidie.

Mimi nilitaka zawadi ya namna nyingine. Kasimiri alikuwa amepangiwa upande wa Usinge, kule misituni, ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na miyombo na nyuki. Makanisa ya huko ni ya udongo na nyasi, hayana mnara. Padri asiye na kengele atawaitaje watu waliotawanyika kurina asali? Nami nilijua kwamba nyumbani kwetu kengele ipo.

Ilikuwa ya shaba, ukubwa wa kikombe cha chai, imening'inizwa ndani ya ghala, imefungwa kaniki ili isilie. Baba yetu, Mzee Masolwa, alikuja nayo nyumbani kabla hatujazaliwa. Wakati wa Mjerumani, kabla reli haijafika Tabora, Baba alikuwa mpagazi, tena si mpagazi wa hivi hivi. Alibeba pembe za ndovu. Watu wa kubeba pembe kubwa walichaguliwa mmoja mmoja kwa mabega na kwa moyo wao, na kwenye ncha ya pembe walifungiwa kengele, ili msafara mzima uende kwa mlio wake. Baba alikwenda hivyo toka Ujiji mpaka Bagamoyo, na akarudi kwa miguu yake.

Haya hakutuambia yeye. Alituambia mama, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlangoni. Baba mwenyewe alikuwa hataki hata kuyasikia, na sababu yake naijua. Treni ilipokuja, neno mpagazi likageuka kuwa tusi mjini. Siku moja nikiwa msichana tulikwenda stesheni kumpokea Alois akirudi kutoka shule, naye amevaa kaptura yake ya kaki, nadhifu. Kijana mmoja wa mjini aliyeshuka naye behewa moja akamwona Baba amesimama, akamnyooshea kidole: "We, pagazi! Chukua sanduku hili." Na Baba, kwa mazoea ya mwili, akainama akalichukua. Alois alikuwa akitazama. Tulirudi nyumbani, na siku ile ile Baba aliifunga kengele kaniki.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuja baadaye. Siku moja tulikwenda Kipalapala kumtembelea Kasimiri, na mgeni mmoja wa Wamisionari akamuuliza kwa upole baba yake hufanya kazi gani. Kasimiri akajibu, "Ni mkulima, Padri." Haukuwa uongo, tunalima karanga na mihogo kama watu wote. Lakini nilimwona Baba akitazama vidole vya miguu yake. Tangu hapo nilikuwa najiuliza kama mdogo wangu, pamoja na Kilatini chake chote, anamwonea haya mtu aliyemzaa. Sikuthubutu kumuuliza. Mimi, Tekla, niliyemuuliza Jumbe mbele ya watu nani alikula kodi, nilishindwa kumuuliza mdogo wangu swali hilo.

Kwa hiyo nilitaka kumpa kengele nione uso wake utakuwaje.

Nilimwendea Baba akiwa anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia, akaitikia, nikasema ninalolitaka. Akaendelea kuchonga kwa muda mrefu.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya Misa, Baba. Na ya kuita watu. Kule Usinge hakuna kengele."

"Kuna vyuma vya reli. Wagonge chuma."

"Mtoto wa Masolwa agonge chuma, na kengele ya Masolwa imefungwa kitambaa ghalani kama maiti?"

Baba hakupenda neno hilo, nami nililijutia lilipokwisha kutoka. Akaweka panga chini. "Ichukue," akasema. "Ila usiseme imetoka wapi. Sema umeinunua sokoni."

Niliitikia ndiyo. Nikaenda kuisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona usoni mwake, na nilipoitikisa mara ya kwanza, kuku wote uani waliinua vichwa.

Alois aliposikia, alipanda baiskeli akaja kunionya. "Tekla, usimletee mtoto aibu. Watakuwapo mapadri wa Kizungu, watakuwapo watu wa boma. Unataka waseme padri wetu ni mtoto wa mpagazi?"

"Na ni mtoto wa nani?"

"Unajua ninachosema."

"Sijui. Nieleze, karani."

Akapanda baiskeli yake tena. Sikumchukia. Nilikumbuka kijana mwenye kaptura ya kaki pale stesheni, nikajua kwamba Alois naye ana kidonda chake na hataki kiguswe. Lakini sikumwita arudi.

Siku ya sherehe uwanja wetu ulijaa. Baada ya Misa ya kwanza watu walikaa kwenye mikeka, mapadri na watu wa boma kwenye viti, wapishi wakitokwa na jasho nyuma ya nyumba. Kasimiri alikaa mbele na kanzu yake nyeupe, na Baba kando yake kwenye kigoda, amevaa koti alilopewa na Alois, kubwa kidogo mabegani. Mwenye zawadi alikuja mbele, akaitaja zawadi yake watu wasikie, akaiweka kwenye mkeka, vigelegele vikapigwa. Mchele ulitajwa. Ndama alitajwa, akajibu mwenyewe. Saa ya Alois iliwekwa mkekani na ikalia pale pale, watu wakashangilia, na Alois akainamisha kichwa kwa furaha mpaka nikamfurahia.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na kengele mikononi, imefungwa kwenye kitambaa cheupe nilichokitarizi msalaba. Nikafungua kinywa niseme nimeinunua sokoni.

Sikuwahi kusema. Mkono ulitoka pembeni ukaikwapua.

Alikuwa Zamda. Bi Zamda ni Mzaramo wa Kisarawe, mume wake ni fundi wa reli, na tangu wahamie Tabora yeye ndiye mtani wangu na mateso yangu. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Babu zetu walipofika pwani wamechoka, wao ndio waliowapokea, wakawazika waliokufa na wakawatukana waliopona. Basi utani ukabaki. Mtani akichukua kitu chako shereheni, hukasiriki. Unacheka, unamwuliza bei, unakikomboa, mambo yanakwisha. Nimekwishamnyang'anya Zamda sufuria nzima ya pilau kwenye arusi ya binti yake, na alicheka mpaka akakaa chini.

Zamda akaifungua kengele, akaiinua, na nikaona uso wake unabadilika. Aliijua. Mtu wa pwani hawezi kukosea kengele ya namna ile. Babu yake alikwisha kumsimulia. Akaitikisa kwa nguvu, akapiga kelele ya kusikika mpaka barabarani:

"Enyi Wazaramo wenzangu, mpo? Tandikeni vitanda! Punda wa Kinyamwezi wamefika na pembe! Huyu padri mnayemwona mweupe hivi ni mtoto wa punda wa Ujiji!"

Watu waliangua kicheko. Ulikuwa utani mzuri, na siku nyingine yoyote ningemjibu kwamba punda walifika kwa sababu wapenda usingizi wa pwani walikuwa hawawezi kubeba hata nazi zao. Lakini nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamia miguu yake, na koti lile kubwa lilizidi kuwa kubwa. Nikamtazama Alois, naye alikuwa amefumba macho. Damu ikanipanda.

Nilimshika Zamda mkono nikaukunja. Nilimwambia maneno ambayo si ya utani, na siyarudii hapa kwa sababu mapadri walikuwapo. Kengele ikaanguka mkekani.

Kumkasirikia mtani mbele za watu ni aibu kubwa, ni kama kuitia sumu njia ambayo babu zetu waliipita wakiwa hai kwa sababu ya utani huo. Zamda alisugua mkono wake. Macho yake yalijaa machozi na hasira na, kwa kuwa ni Zamda, kicheko kidogo.

"Ehe," akasema taratibu. "Mnyamwezi amekasirika. Mmeona wote." Akaiokota kengele akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Sasa haikombolewi kwa kuku. Leo nitataja bei yangu."

Nilisimama pale nikilitazama pindo lile. Nilikuwa nimeharibu sherehe ya mdogo wangu, nimemwaibisha baba yangu mara mbili, na zawadi niliyoisugua kwa ndimu imo kwenye kanga ya mtu mwingine.

Hapo Kasimiri akainuka.

"Mtani," akamwita Zamda, "kengele ni yangu, maana ilikuwa inaletwa kwangu. Mimi ndiye nitakayeikomboa. Taja bei."

Zamda akamtazama toka viatu mpaka kichwani. "Padri mtani, huiwezi."

"Taja."

"Nimekuletea gunia la nazi, limekuja na treni toka kwetu. Lori limelitupa kule barabarani kwenye njia panda, na tangu asubuhi natafuta mtu wa kunibebea. Babu zenu walibeba mizigo mpaka kwetu bila kuambiwa mara mbili. Nenda ukanibebee nazi zangu, begani, peke yako, mpaka hapa. Ndiyo bei."

Kelele zikazuka. Alois alikuwa wa kwanza kusimama. "Hapana, Bi Zamda. Jambo hili halifai. Padri mpya, siku kama ya leo, mbele ya wageni! Nitakupa mbuzi."

"Kaka, kaa," Kasimiri akasema. Hakusema kwa ukali. "Bei imetajwa, na si kubwa."

Akavua stola ya shingoni, akaibusu, akampa padri mwenzake. Akapandisha kanzu na kuifunga kiunoni. Kisha akatoka kuelekea barabarani, na nusu ya wageni wakamfuata, watoto mbele, Zamda akitembea kifua mbele kama mwenye msafara. Mimi nilibaki uwanjani na Baba. Nilitaka kumwomba radhi, lakini yeye alikuwa akisikiliza.

Kwanza tulisikia kengele. Zamda alikuwa akiitikisa huku akitembea, taratibu, kwa mwendo wa hatua za mtu aliyebeba mzigo. Halafu tukamwona Kasimiri. Gunia lilikuwa begani mwake la kushoto, kanga ya pili ya Zamda imekunjwa chini yake. Kanzu nyeupe ilikuwa imeshika vumbi jekundu mpaka magotini. Nazi zilikuwa zinambonyeza shingoni, na kila hatua zilikuwa zinagongana ndani ya gunia. Alikuwa haendi haraka na hasimami.

Pale penye mbuyu mdogo wa mpakani mwa shamba letu akabadilisha bega. Hakusimama kubadilisha. Aliinamisha kichwa, gunia likapita nyuma ya shingo likatua bega la kulia, na miguu haikupoteza hata hatua moja. Watu wa mjini hawakuona kitu. Baba aliona. Nilimsikia akivuta pumzi.

Najua alikojifunzia, maana hata mimi naweza. Tukiwa wadogo, tukirudi shamba na vikapu vya karanga, Baba alikuwa akitufundisha namna ya kuhamisha mzigo bila kusimama, na hakutueleza kwa nini anayajua hayo. Tena yeye ndiye aliyekuwa akisema lini tutue. Aliyetua kabla ya kuambiwa alirudishwa mpaka shambani kuanza upya, akilia asilie. Alidhani anaficha ujana wake, na kumbe alikuwa akitugawia kila jioni.

Kasimiri akaingia uwanjani. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Zamda akasimama mbele ya mkeka wa zawadi, akasema kwa sauti ambayo sasa haikuwa na kisirani hata kidogo, "Basi, mtani. Umelipa. Weka chini."

Kasimiri hakuweka chini.

"Weka, Padri, utavunjika shingo. Nimesema umelipa."

"Bi Zamda," akajibu, akihema, "wewe ni mwenye mzigo tu. Mpagazi hatui kwa amri ya mwenye mzigo. Hutua kwa amri ya kirangozi, kiongozi wake wa njia."

Akapita mkeka, akapita saa na mchele, akapita viti vya wageni, akaenda kusimama mbele ya kigoda cha Baba na gunia begani. Akangoja.

Hata wapishi wakatoka jikoni kutazama. Baba alikuwa bado ameinamia chini. Nilijua anaona nini: viatu vya mwanawe vyenye vumbi la njia. Nilisali. Nilisema moyoni, Baba, inua uso, kwa ajili ya Mungu inua uso, huyu mtoto hatatua kamwe.

Baba akasimama. Akalivua lile koti kubwa, akaliweka juu ya kigoda. Nyumbani sisi husema Kinyamwezi, na Baba hakuwa mtu wa Kiswahili ila akilazimika. Lakini amri za njia zilikuwa za Kiswahili, na ilipotoka sauti yake sikuijua. Ilikuwa ya kijana, ya kusikika mpaka mwisho wa msafara.

"Umefika, Masolwa! Tua!"

Alimwita kwa jina lake yeye Baba.

Kasimiri akashusha gunia. Na kule upande wa jikoni, wazee wawili waliokuwa wamekaa wakinywa togwa, wazee ambao maisha yangu yote nilidhani walikuwa wakulima tu, waliinuka na kuitikia kwa pamoja mwitikio ambao sijapata kuusikia kabla wala baada, kisha wakatazamana kama waliofumaniwa. Mmoja alianza kucheka. Mwingine alikuwa analia. Kisha uwanja mzima ukalipuka, na Alois wangu, karani wa mahakama, alikuwa akipiga makofi na kofia yake imeanguka chini na hajali.

Zamda alinijia akaniwekea kengele kiganjani. "Itoe sasa, Mnyamwezi mwenye hasira," akaninong'oneza. "Na ukiniumiza mkono tena nitakuzika nikiwa nacheka."

Nilimkumbatia. Kisha nikaipeleka kengele mbele, lakini nilipofika sikumpa Kasimiri. Nilimpa Baba.

Baba aliishika, akaisikiliza kidogo kwa kuitikisa karibu na sikio lake. Halafu akampa mwanawe kwa mikono miwili, na akaitaja zawadi mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa:

"Hii ni kengele ya pembe. Niliibeba mimi, toka Ujiji mpaka Bagamoyo. Nilikuwa mpagazi."

Kasimiri alipiga magoti kwenye vumbi kuipokea, padri mbele ya baba yake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando na kitambaa kitupu cha tarizi mkononi. Zawadi yangu ilikuwa imetolewa na mtu mwingine, na maisha yangu yote sijapata kujivuna hivyo.